Zaburi ya 139: ni zaburi ya faraja, au ni kilio cha mtu aliyebanwa?

Kalamubutu (mleta mada)
Salaam, wanajukwaa. Kwa miaka mingi nimeisikia Zaburi ya 139 ikisomwa kwa wagonjwa, makaburini na katika ibada za kuwabariki watoto wachanga, na kila mara husomwa kwa ile sauti ya upole ambayo mtu huitumia anapombembeleza mtoto alale. Juma lililopita niliisoma peke yangu, polepole, nikakwama kwenye mstari wa 5: "Umenizingira nyuma na mbele, ukaniwekea mkono wako." Kitenzi cha Kiebrania kilichopo hapo ndicho kinachotumika jeshi linapouzunguka mji ili asitoke wala asiingie mtu. Katika 2 Samweli 11:1, Yoabu na watu wake "wakauhusuru Raba", na kitenzi ni hicho hicho.

Nikarudi mstari wa kwanza, na mara hii kila neno lilikuwa na sura nyingine. Mtu huyu anachunguzwa, anapepetwa, anazingirwa, anauliza akimbilie wapi, na kila anapopataja anakuta Mungu amefika kabla yake. Hoja yangu ni kwamba huyu hafarijiki hata kidogo. Amebanwa, na ameamua kusalimu amri kwa maneno mazuri. Naomba nisahihishwe na wanaojua zaidi.

Asubuhi Njema
Ndugu Kalamubutu, ahsante kwa mada. Mimi sijui Kiebrania, ila najua kwamba zaburi hii niliihifadhi nikiwa na miaka 9 na haijawahi kunitisha. Anayeogopa kuonwa ndiye mwenye la kuficha.

Kalamubutu
Dada, hilo la kuficha tunalo sote, labda tutofautiane ukubwa wa kifurushi.

Msomaji wa Usiku
Mleta mada yuko sahihi kuhusu Raba, lakini ameusimulia ushahidi nusu. Kitenzi hicho hicho kimo katika Kumbukumbu la Torati 14:25, mahali ambapo mtu anayesafiri mbali anaambiwa aigeuze zaka yake iwe fedha, kisha aifunge fedha hiyo mkononi mwake. Maana ya msingi ni kufunga au kubana kitu kiwe pamoja, na kama kinachobanwa ni mji wa adui, basi tunapata kuhusuru, lakini kikiwa ni akiba ya msafiri, tunapata kitu kingine kabisa: fedha iliyofungwa fundo na kushikwa isidondoke njiani. Soma sasa mstari wa 5 kwa picha hiyo, kisha utazame kwamba neno linalofuata ni "mkono". Mimi naona mtu aliyetiwa kibindoni.

Wala sisemi kwamba picha ya vita haimo. Nasema tu kwamba neno lenyewe halijakata shauri, na hivyo halitufai kuwa hakimu wa mjadala huu.

Jivu la Moto
Msomaji wa Usiku amelainisha mno. Tukiacha neno moja moja na kuitazama mistari ya 7 hadi 12 kwa pamoja, tutaona kwamba maneno yake yanakaribiana sana na Amosi 9:2-3, ambako Mungu anasema juu ya watu atakaowaadhibu kwamba wajapochimba kwenda kuzimu mkono wake utawatwaa huko, na wajapopanda mbinguni atawashusha. Ramani ni ile ile ya mbinguni, kuzimu na bahari, na mkono ni ule ule. Katika Amosi, hakuna anayeweza kusema kwamba ni faraja.

Na kabla ya Amosi yalikuwapo maneno ya namna hiyo kwa wafalme. Miongoni mwa barua za Amarna, zilizopatikana Misri mwaka 1887 na ambazo ni za karne ya 14 kabla ya Kristo, imo ya Tagi, mtawala mdogo wa Kanaani, akimwandikia Farao kwamba wakipanda mbinguni au wakishuka ardhini, vichwa vyao vimo mikononi mwake. Hiyo ni lugha ya mtu mdogo mbele ya mwenye nguvu. Namuunga mkono mleta mada.

Chuya
Kwa jina nililonalo, nadhani nina haki ya kusema neno kuhusu mstari wa 3, "umepepeta kwenda kwangu na kulala kwangu." Watafsiri wetu hapa wamefanya kazi ya kusifiwa, kwa sababu tafsiri nyingi za lugha nyingine zimeandika tu kwamba Mungu anaijua au anaizunguka njia yake, ilhali Kiebrania kinaweza kabisa kusomwa kuwa ni kupepeta kama nafaka inavyopepetwa. Sasa mtazameni mtu mwenye ungo. Anaurusha mzigo juu, anaudaka, anaurusha tena, upepo unachukua makapi, na jicho lake haliko kwenye makapi yanayopeperuka. Liko kwenye punje zinazorudi. Akimaliza huinama akachambua chuya moja moja kwa vidole. Hakuna kazi ya shambani inayodai kuitazama punje kwa karibu kiasi hicho.

Ila kwa punje, nakiri, safari hiyo ya angani haiwezi kuwa ya raha.

Msomaji wa Usiku
Ndugu Chuya, umesema vizuri, lakini niongeze kwamba wako wanaokihusisha kitenzi hicho na neno la Kiebrania la shubiri, yaani kipimo cha kiganja kilichotandazwa, wakapata "umepima kwenda kwangu". Watafsiri wetu wamechagua moja kati ya mawili.

Abu Najma
Assalaam alaykum. Nimefuatilia kwa utulivu, na kama mnaniruhusu mimi Mwislamu, niseme kwamba swali la ndugu Kalamubutu nasi tunalo. Sura ya 50, Qaf, aya ya 16, Mwenyezi Mungu anasema kwamba amemuumba mtu na anajua yanayomshawishi nafsini mwake, na kwamba Yeye yu karibu naye kuliko mshipa wa shingo. Nimewasikia watu wakiitaja aya hiyo kwa machozi ya furaha, lakini aya inayofuata inawataja wapokeaji wawili, kulia na kushoto, wanaoyaandika matendo yake. Ukaribu na daftari vimekuja pamoja, aya kwa aya, wala sijamsikia mwalimu aliyevitenganisha.

Chuya
Daftari umelitaja, ndugu Abu Najma, basi niwaungamie. Mstari wa 16 unasema "chuoni mwako ziliandikwa zote pia", na mimi nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba Mungu ana chuo kikuu ambako siku zangu zimesajiliwa, na nikaogopa kwamba sitafaulu mtihani wa kuingia. Hakuna aliyeniambia kwamba chuo kwa Kiswahili cha zamani ni kitabu. Vilevile mstari wa 18, "niamkapo nikali pamoja nawe", niliuelewa kuwa Daudi huamka akiwa mkali, jambo ambalo halikunishangaza, kwa sababu baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo.

Asubuhi Njema
Nimecheka hadi nimewaamsha watu. Kwa wasiojua, "nikali" hapo ni sawa na "ningali".

Mzee wa Kwaya
Na hiyo "ningali" ina historia yake. Katika hesabu ya zaburi ya Kigiriki na Kilatini hii ni ya 138, kwa kuwa huko Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa kuwa moja, hivyo wasomaji wa vitabu vya zamani vya ibada wasidhani nimekosea. Mstari wa 18, kwa Kilatini, ndio unaofungua wimbo wa mwanzo wa Misa ya Jumapili ya Pasaka: nimefufuka, na ningali pamoja nawe. Wimbo huohuo unachukua na mstari wa 5, "umeniwekea mkono wako". Kanisa la kale liliweka maneno hayo kinywani mwa Kristo akitoka kaburini, kwa hiyo kuamka huko hawakukuona kuwa ni kuamka kitandani tu.

Ndugu Kalamubutu, mtu anayetoka kaburini na kukuta mkono uleule bado upo juu yake utamwita aliyebanwa?

Kalamubutu
Mzee wangu, shikamoo. Hilo limenigusa, lakini ni matumizi ya baadaye. Mimi nauliza alichokuwa nacho moyoni yule aliyeitunga.

Jivu la Moto
Na aliyeitunga ni nani? Wengi hapa wanasema Daudi kwa sababu kichwa cha zaburi kimesema hivyo. Kama ni Daudi, basi tazameni jambo ambalo mleta mada amelipita bila kulisimamia: sura aliyoitaja, 2 Samweli 11, ndiyo ile ambayo jeshi linauhusuru Raba huku mfalme amebaki Yerusalemu, anatembea juu ya dari jioni, anamwona mke wa Uria. Baadaye nabii Nathani anamwambia kwamba aliyoyafanya aliyafanya kwa siri. Mtu wa namna hiyo akisema "kama nikisema, hakika giza litanifunika", anajua anachokisema; alikwisha kulijaribu giza.

Msomaji wa Usiku
Ni fikra nzuri, ila tuiweke kama fikra. Kichwa cha Kiebrania kinaweza kusomwa "ya Daudi", au "kwa ajili ya Daudi", au "kwa namna ya Daudi". Maneno kadhaa ya zaburi hii yana harufu ya Kiaramu, kama neno la "wazo" katika mstari wa 2 na kitenzi cha "kupanda" katika mstari wa 8, na kwa sababu hiyo wengi huiweka katika nyakati za baada ya uhamisho wa Babeli. Hata baadhi ya nakala za kale za Kigiriki zimeongeza jina la Zakaria kwenye kichwa.

Zamu ya Tatu
Mimi si mchangiaji, ni msomaji tu wa kimya. Nimelazimika kuingia kwa sababu ya swali lenu la kuonwa.

Figo zangu zilishindwa miaka 4 iliyopita. Mara tatu kwa juma nakaa kwenye kiti, natiwa sindano mbili mkononi, moja inatoa damu na nyingine inairudisha, na kwa muda wa saa nne natazama damu yangu ikipita kwenye mirija na kwenye kichujio kilichosimama kando ya bega langu. Kabla ya kukaa napimwa uzito. Baada ya kuinuka napimwa tena. Muuguzi anajua kama jana nilikunywa maji zaidi ya kiasi, kwa sababu mizani inamwambia hata kama mimi nimenyamaza. Kwa hiyo ninaposoma "Wewe wajua kuketi kwangu na kuondoka kwangu", hayo kwangu hayana ushairi wowote. Yameandikwa kwenye karatasi iliyoning'inizwa kwenye mashine, kwa kalamu ya bluu.

Sasa mnauliza ni faraja au ni kubanwa. Jibu langu hubadilika kati ya saa ya kwanza na saa ya nne. Kuna siku muuguzi akinitazama najua kwamba kutazama kwake ndiko kunakoniweka hai, kwani shinikizo la damu likishuka ghafla yeye ndiye anayeona kabla yangu. Na kuna siku ningetoa chochote nisitazamwe na mtu.

Asubuhi Njema
Kaka, pole sana. Yale niliyoyasema juu kuhusu kuogopa kuonwa nayafuta.

Msomaji wa Usiku
Pole, ndugu yangu Zamu ya Tatu. Hali hiyo ya mwisho uliyoitaja imo katika Biblia, na haikukemewa pale ilipo. Ayubu, sura ya 7, anamuuliza Mungu ni lini ataacha kumwangalia walau ameze mate, na anamwita mlinda wanadamu kwa uchungu, si kwa sifa.

Lakini nina jambo lako hasa, ambalo sijui utalipokeaje. Mstari wa 13 kwetu unasomeka "Wewe ndiwe uliyeniumba mtima wangu." Neno la Kiebrania hapo si moyo. Ni figo. "Wewe ndiwe uliyeziumba figo zangu." Kwa Waebrania figo zilikuwa makao ya hisia za ndani kabisa na dhamiri, kama sisi tunavyosema mtima au ini, na watafsiri wetu hawakukosea kulitafuta neno letu la namna hiyo. Mahali pengine neno hilo hilo wamelitafsiri "viuno", kwa mfano Yeremia 17:10.

Zamu ya Tatu
Nimekaa na ujumbe huu kwa saa nzima. Kwa miaka 4 nimeisoma zaburi hii kwenye kile kiti bila kujua kwamba wametajwa wagonjwa wenzangu wote. Sijui kama ni habari njema. Alizoziumba zimekufa, na anajua.

Mzee wa Kwaya
Mwanangu, sitajaribu kukujibu.

Kwa wengine nataka kuuliza mbona hakuna aliyegusa mistari ya 19 hadi 22. Kwaya yetu inaimba hadi 18, kisha inaruka hadi 23, na hatuko peke yetu: kitabu cha Liturujia ya Vipindi (sala za kila siku) cha Kanisa Katoliki, kilichotolewa kwa Kilatini mwaka 1971, kimeiacha mistari hiyo minne, kama kilivyoziacha Zaburi za 58, 83 na 109 nzima kwa sababu ya laana zilizomo. Nilipokuwa kijana niliona ni busara. Sasa nashuku kwamba tumeichomoa taya na kubakiza tabasamu. Mtu aliyekuwa akitafakari jinsi Mungu alivyomuunga tumboni anageuka ghafla na kusema laiti ungewafisha waovu, nawachukia kwa ukomo wa chuki. Mnalielezaje?

Jivu la Moto
Kuna maelezo yaliyoshika nguvu katika karne ya 20 kwamba zaburi hii ni sala ya mshtakiwa. Mtu ameshtakiwa kuwa anaabudu sanamu, amefika mahali patakatifu ili apimwe, na anajitenga hadharani na wale wanaoabudu hivyo. Katika 1 Wafalme 8:31 Sulemani anataja kesi za namna hiyo, mtu akila kiapo mbele ya madhabahu. Hata mstari wa mwisho unaingia humo, maana "njia iletayo majuto" inaweza kusomwa "njia ya sanamu". Neno lile lina maana ya maumivu, na katika Isaya 48:5 ni sanamu. Kwa maelezo hayo, chuki ya mstari wa 22 ni lugha ya kiapo cha utii, kama raia anavyosema adui wa mfalme ni adui wangu.

Asubuhi Njema
Mimi huona tofauti. Amesema ninachukia kwa ukomo wa chuki, na papo hapo, bila kuvuta pumzi, anasema "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Nadhani ameshtuka alipojisikia. Ni kama mtu aliyepaza sauti ndani ya nyumba kisha akatazama kama watoto wameamka.

Jivu la Moto
Dada, hilo ni jambo la kupendeza, lakini zaburi haisemi popote kwamba alishtuka.

Asubuhi Njema
Wala haisemi popote kwamba alishtakiwa.

Chuya
Hapo punje imerudi kwenye ungo.

Abu Najma
Au mistari hiyo iliongezwa baadaye na mtu mwingine mwenye hasira zake. Nasema tu kama mgeni.

Mzee wa Kwaya
Wapo waliosema hivyo, ndugu yangu, ila neno "kuchunguza" na neno "kujua" yapo yote mawili katika mstari wa 1 na yote mawili yakarudi katika mstari wa 23, kama mlango wa kuingilia na wa kutokea. Aliyeijenga nyumba alijua vyumba vilivyomo katikati.

Kalamubutu
Nimesoma yote, nashukuru, na niseme wazi kwamba sijashawishika, ila siko tena pale nilipoanzia. Ile fedha iliyofungwa mkononi imenisumbua usiku kucha, kwa sababu fedha nayo haina uhuru wa kutoka.

Alichokigusa Mzee wa Kwaya kimenipa swali jingine. Mstari wa 1 unasema "umenichunguza na kunijua": limekwisha kufanyika, wala hakuombwa. Mstari wa 23 unasema "unichunguze": sasa anaomba lile ambalo tayari amefanyiwa. Mtu aliyehusuriwa hawaombi askari wauhusuru mji wake mara ya pili. Ama nimekosea tangu mwanzo, ama katikati ya mistari hiyo kuna kitu kilichotokea ambacho hakikuandikwa. Nani ana maelezo?

Msomaji wa Usiku
Maelezo yapo matatu ninayoyajua na yote yana tundu. Nitayaandika kesho nikiwa na vitabu mkononi.

Ndugu Zamu ya Tatu, nimekumbuka mahali pengine penye neno lile la figo, nawe ukapatazame: Zaburi ya 16, mstari wa 7. Kwetu ni "mtima wangu umenifundisha usiku."

Zamu ya Tatu
Nimepaona. Zangu hazifundishi usiku wala mchana. Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye mizani. Nitausoma huo pamoja na wa 13, kabla hawajaniunga na mashine.